Python, JavaScript, Java, Go au Rust: uchague ipi ukiwa unaujali umeme?

Swali hili hujitokeza kila timu inapoanza mradi mpya au kufikiria kuandika upya mfumo wa zamani: kama kweli tunajali mazingira, je, tuachane na lugha ya programu kama Python? Wapo walioliona lile jedwali maarufu linaloonyesha Python ikila umeme zaidi ya mara 75 ya lugha ya C, wakatoka na uamuzi papo hapo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba lugha haina uzito wowote, kwamba umeme wote unaishia kwenye hifadhidata na mtandao. Ulinganisho huu ni wa yule aliye katikati, anayetaka kuchagua kwa haki na bado kazi iishe kwa wakati.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na makadirio yake yanafikia karibu terawati-saa 945 ifikapo 2030. Sehemu ya mzigo huo ni msimbo (amri za programu) tunaouandika sisi, na sehemu ya msimbo huo inafanya kazi isiyo na faida kwa mtu yeyote. Hapo ndipo tunapoweza kupunguza bila kumnyima mtumiaji chochote.

Jedwali la 2017 na mipaka yake

Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Ureno, Rui Pereira na wenzake, lilipima lugha 27 kwa mazoezi 10 yaliyotoka kwenye mkusanyo uitwao Computer Language Benchmarks Game. Umeme waliupima kwa RAPL, kipimo kilichomo ndani ya prosesa za Intel. Lugha iliyofanya vizuri kuliko zote katika kila safu ilipewa 1, na nyingine zikahesabiwa ni mara ngapi ya hiyo. Kwa lugha zinazotuhusu hapa, matokeo yalikuwa hivi (iliyopata 1 kwenye kumbukumbu haimo kati ya hizi):

| Lugha | Umeme | Muda | Kumbukumbu |
|---|---|---|---|
| C | 1.00 | 1.00 | 1.17 |
| Rust | 1.03 | 1.04 | 1.54 |
| Java | 1.98 | 1.89 | 6.01 |
| Go | 3.23 | 2.83 | 1.05 |
| JavaScript | 4.45 | 6.52 | 4.59 |
| PHP | 29.30 | 27.64 | 2.57 |
| Python | 75.88 | 71.90 | 2.80 |

Namba hizi ni za kweli, ila zinajibu swali finyu. Mazoezi yale ni ya kukokotoa tupu: mwendo wa sayari, picha za Mandelbrot, tarakimu za pai. Hamna hifadhidata, hamna mtandao, hamna mteja anayesubiriwa ajaze fomu. Mfumo wa kawaida wa ofisi au duka la mtandaoni hutumia muda wake mwingi ukisubiri, na programu inayosubiri inasubiri kwa mwendo uleule iwe imeandikwa kwa Rust au kwa Python.

Kuna dosari nyingine inayofundisha zaidi. Katika jedwali hilohilo TypeScript ilipata 21.50 kwenye umeme, karibu mara tano ya JavaScript. Lakini TypeScript hugeuzwa kuwa JavaScript kabla ya kuendeshwa. Injini ni moja. Tofauti ilitokana kwa kiasi kikubwa na zoezi moja ambalo mwandishi wake wa TypeScript alilitatua kwa njia tofauti na mwenzake wa JavaScript. Kilichopimwa pale kilikuwa ni mkono wa mwandishi.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, akiwamo Emery Berger, waliirudia hoja hii kwa undani. Walionyesha kwamba ukishahesabu idadi ya viini vya prosesa vinavyofanya kazi na jinsi kumbukumbu inavyoguswa, umeme hufuata muda. Lugha yenyewe haina ulafi wake wa siri. Programu inayomaliza mapema hutumia kidogo, na umalizaji huo hutegemea kompaila au intapreta (programu zinazogeuza msimbo kuwa amri za mashine), maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine), algoritimu (hatua za kutatua tatizo) na ustadi wa aliyeandika. Mimi nasimama upande huu. Hata hivyo tofauti ya kasi kati ya lugha bado ipo, na palipo na kazi nzito ya kukokotoa ni kubwa mno kupuuzwa.

Vigezo vya ulinganisho huu

Kila lugha nimeiangalia kwa mambo manne. La kwanza ni umeme wakati kazi inaendelea. La pili ni kumbukumbu na hali ya kusubiri, na hili watu hulisahau. Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba seva isiyofanya kitu iliweza kula karibu nusu ya umeme inaoula ikiwa imezidiwa. Mashine za leo zimeboreka, lakini tabia bado ni ileile: seva iliyowashwa bila kazi ni kama daladala inayonguruma kituoni ikisubiri abiria. Kwa hiyo lugha inayokuruhusu kubana huduma nyingi kwenye mashine moja, au kuzima na kuwasha haraka, inaokoa umeme hata kama haikushinda zoezi la Mandelbrot.

La tatu ni jasho la timu: muda wa kujifunza, kuandika, kurekebisha, na wakati mwingine umeme wa kukompaili wenyewe. La nne ni nani inamfaa.

Python

*Umeme kazini.* Python ya kawaida, ikiachwa ikokotoe yenyewe kwa vitanzi virefu, ni nzito, na jedwali halijaidhulumu. Ila ni watu wachache wanaoiacha ikokotoe yenyewe. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, imeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa. Ukifunza modeli ya akili mnemba, Python inatoa amri tu. Umeme unaliwa na kadi za GPU (prosesa za kufanya hesabu nyingi kwa pamoja) zinazoendesha msimbo wa C++ na CUDA, mfumo wa kuziandikia kadi hizo. Kuhamisha amri hizo kwenda lugha nyingine kungekuokolea kiasi kidogo sana.

Mjadala mzuri kuliko yote kuhusu hili ulitokea kwenye jarida la Nature Astronomy. Mwaka 2020 Simon Portegies Zwart wa Leiden, mtaalamu wa kuiga mienendo ya nyota kwa kompyuta, aliwasihi wanaanga wenzake waachane na Python kwa hesabu kubwa kwa sababu ya hewa ukaa inayotokana nazo. Mwaka uliofuata Pierre Augier na wenzake wakamjibu humohumo: msimbo wa Python ukipitishwa kwenye kompaila kama Pythran unaweza kushindana na C++, na tatizo kubwa zaidi ni kwamba wanasayansi hawafundishwi kutumia zana hizo. Wote wawili walikuwa na hoja. Portegies Zwart alisema kweli kuhusu Python inayoachwa ghafi. Augier alisema kweli kuhusu kile kinachowezekana, na kwa msomaji mwenye timu inayoijua Python tayari, jibu la Augier ndilo la kujaribu kwanza.

Jambo jingine la bure ni toleo. Python 3.11, iliyotoka Oktoba 2022, ilikuwa na kasi ya wastani wa asilimia 25 zaidi ya 3.10 katika majaribio ya wasanifu wake. Bado kuna seva nyingi zinazoendesha matoleo ya kale. Kupandisha toleo ni kazi ya siku chache, na umeme unapungua bila kuandika upya mstari hata mmoja.

*Kumbukumbu na kusubiri.* Wastani. Shida ni kwamba mchakato mmoja wa Python kwa desturi hutumia kiini kimoja cha prosesa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukitaka kutumia viini vyote huna budi kuanzisha michakato mingi, na kila mmoja unabeba nakala yake ya karibu kila kitu. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilianza kujaribu njia ya kuondoa kizuizi hicho.

*Jasho la timu.* Ndogo kuliko zote hapa. Ni rahisi kufundisha, na maktaba ziko tele.

*Inamfaa* mtafiti, mchambuzi wa data, mwalimu, timu inayojaribu wazo ambalo huenda lisiwe na watumiaji mwezi ujao, na kazi zinazoendeshwa mara chache. Tuseme una ripoti inayotumia wati 100 kwa saa moja kila usiku. Kwa mwaka mzima hiyo ni kama uniti 36.5 za umeme. Ukiiandika upya kwa Rust unaweza kuokoa karibu zote, lakini kompyuta utakazoziwasha kwa wiki kadhaa za kuandika na kujaribu zitakula sehemu kubwa ya akiba hiyo. Sasa chukua upande wa pili: seva 50 za wati 200 zinazokokotoa usiku na mchana. Hizo ni uniti 87,600 kwa mwaka. Hapo kupunguza hata theluthi moja ni jambo la kuitishia kikao.

JavaScript

*Umeme kazini.* Bora kuliko wengi wanavyodhani. Google ilipoitoa V8, injini ya kuendesha JavaScript, mwaka 2008, JavaScript ikaacha kuwa lugha ya kusomwa mstari kwa mstari. Sasa sehemu zinazorudiwa mara nyingi hukompailiwa wakati programu inaendelea. Node.js ya Ryan Dahl, iliyotoka mwaka uliofuata, ikaileta kwenye seva. Kwa kazi ya kupokea maombi mengi na kusubiri hifadhidata, inafanya vizuri kwa sababu haitengi uzi (mkondo wake wa kazi ndani ya programu) kwa kila mteja.

Lakini JavaScript ina upande ambao lugha nyingine hapa hazina: inaendeshwa pia ndani ya kivinjari kwenye simu ya msomaji wako. Ukurasa wa habari unaobeba megabaiti kadhaa za maktaba hautumii umeme wako. Unatumia chaji ya simu ya mtu aliye Kigoma au Kisumu, na bando lake pia. Sehemu kubwa ya gesi joto inayohusishwa na simu hutoka kiwandani, kabla haijanunuliwa. Kwa hiyo tovuti na programu nzito zinazoifanya simu ya miaka mitatu ionekane imechoka, mpaka mwenyewe akaamua kununua nyingine, zinaweza kudhuru mazingira kuliko seva yako ikifanya lolote lile. Hili haliingii kwenye jedwali la 2017, na kwa maoni yangu linastahili kujadiliwa zaidi ya jedwali lenyewe. Tunaandika kwa ajili ya watu wanaonunua simu iliyotumika na wanaotaka iwafae miaka mingine mitano. Kupunguza uzito wa ukurasa ni kuwaheshimu watu hao.

*Kumbukumbu na kusubiri.* Huanza haraka. Kumbukumbu inayotumika ni nyingi kiasi.

*Jasho la timu.* Dogo, hasa kama watu walewale wanaandika ukurasa na seva. Angalizo: mradi mdogo unaweza kuvuta mamia ya maktaba bila mtu kujua, na kila jaribio la kujenga programu kwenye mashine za majaribio huzipakua upya zote ikiwa hamkuziweka kwenye akiba ya muda (cache).

*Inamfaa* timu ndogo ya wavuti, huduma za mazungumzo na arifa, na mahali ambapo kazi nyingi ni kupokea na kupitisha data. Haimfai anayechakata picha au takwimu nzito kwenye seva hiyohiyo.

Java

*Umeme kazini.* Hii ndiyo huwashangaza wengi. Java ya mwaka 1995, iliyosifika kwa uzito, katika jedwali iko karibu sana na juu: 1.98. Sababu ni kompaila yake ya papo hapo, ambayo huisoma programu inavyotumika na kuboresha sehemu zenye moto. Huduma ya Java inayofanya kazi mfululizo kwa siku nyingi ni mpinzani halali wa lugha zilizokompailiwa tangu mwanzo.

*Kumbukumbu na kusubiri.* Hapa inalipa deni. Mara 6.01 katika jedwali, na kuanza kwake kunachukua muda na umeme kabla ya kuchangamka. Ukiwa na huduma ndogondogo 30 za Java, kila moja ikishika kumbukumbu yake na kupata maombi machache kwa saa, utalazimika kununua mashine kubwa kwa ajili ya kumbukumbu tu huku prosesa zikisinzia. Dawa zipo. Zana iitwayo GraalVM inaweza kukompaili programu ya Java mapema ili ianze kwa sehemu ndogo ya sekunde na kushika kumbukumbu kidogo. Java 21 ya Septemba 2023 ilileta nyuzi nyepesi zinazohudumia maelfu ya wateja bila gharama ya nyuzi za zamani. Na mara nyingine dawa ni kuunganisha zile huduma 30 ziwe tatu.

*Jasho la timu.* La kati. Wataalamu wanapatikana, vyuo vinaifundisha, na zana za kupima ziko bora: Java Flight Recorder hukuonyesha kwa urahisi ni wapi muda unapotea.

*Inamfaa* benki, kampuni ya simu, taasisi yenye mfumo mkubwa usiozimwa. Kama tayari mna Java inayofanya kazi mfululizo, sababu ya mazingira peke yake haitoshi kuihama.

Go

*Umeme kazini.* Iko nyuma ya Java katika mazoezi ya kukokotoa, ingawa Go hukompailiwa moja kwa moja. Wasanifu wake, Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson wa Google, waliitangaza mwaka 2009 wakiwa wameweka mbele kompaila ya haraka na lugha nyepesi kusoma, hivyo kompaila haihangaiki kuboresha msimbo kama zile za C++ zinavyofanya.

Mfano wa karibuni unaonyesha faida yake. Machi 2025 Anders Hejlsberg wa Microsoft alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript, iliyokuwa imeandikwa kwa TypeScript yenyewe, inahamishiwa Go. Kukagua msimbo wa Visual Studio Code, kihariri cha Microsoft, kulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Zidisha hiyo kwa kila developa duniani anayeihifadhi faili yake mara kadhaa kwa saa, na kwa kila mashine ya majaribio, upate picha ya akiba ilivyo kubwa pale chombo kinachotumiwa na mamilioni kinapoharakishwa.

*Kumbukumbu na kusubiri.* Hapa Go inang'aa: 1.05. Programu nzima ni faili moja, inaanza papo hapo, na kontena zake (vifurushi vya programu na vyote inavyovihitaji) ni ndogo. Docker na Kubernetes, zana za kuendesha kontena, zimeandikwa kwa Go. Ukitaka kubana huduma nyingi kwenye seva chache na kuzima zisizotumika usiku, hii ndiyo inayokurahisishia. Udhaifu wake ni usafishaji wa kumbukumbu, yaani lugha kusimama kukusanya kumbukumbu isiyotumika tena: mwaka 2020 Discord, mtandao wa mazungumzo, walieleza jinsi huduma yao moja ilivyokuwa ikishtuka kila baada ya dakika mbili hivi wakati wa usafishaji, wakaihamishia Rust. Ila ilikuwa ni huduma yenye akiba ya muda kubwa mno ya data na maombi mengi ajabu. Wengi wetu hatutafika huko.

*Jasho la timu.* Dogo kuliko inavyotarajiwa. Mtu anayeijua Python anaweza kuandika Go inayofaa baada ya wiki chache.

*Inamfaa* timu ndogo yenye huduma za mtandao zinazokua, na wanaolipia kila gigabaiti ya kumbukumbu kwa mwezi.

Rust, pamoja na C na C++

*Umeme kazini.* Kileleni. Rust, iliyofikia toleo 1.0 Mei 2015, haina usafishaji wa kumbukumbu. Kompaila inahakikisha mapema kila kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe na kinaachiliwa kwa wakati. Unapata mwendo wa C bila makosa mengi ya hatari ya C. Ndiyo maana hata kiini cha Linux kilianza kuipokea katika toleo 6.1 la Desemba 2022.

Mfano unaonivutia ni wa Cloudflare, kampuni inayopitisha na kulinda mawasiliano ya tovuti. Mwaka 2022 walieleza kwamba Pingora, huduma yao mpya ya kupitisha maombi iliyoandikwa kwa Rust, ilitumia prosesa pungufu kwa kiasi cha asilimia 70 na kumbukumbu pungufu kwa asilimia 67 kwa mzigo uleule. Usiharakishe kuisifia Rust peke yake, maana huduma yao ya zamani ilijengwa juu ya NGINX, programu ya seva iliyoandikwa kwa C, na juu yake kukawa na msimbo wa lugha ya Lua. Sehemu ya akiba ilitoka kwenye lugha, na sehemu ilitoka kwenye muundo mpya ulioruhusu nyuzi zote kushirikiana miunganisho. Walipata nafasi ya kufikiri upya, wakaitumia.

*Kumbukumbu na kusubiri.* Ndogo, ya kutabirika, na huanza papo hapo.

*Jasho la timu.* Kubwa. Miezi ya kwanza kompaila itawakatalia mambo mengi, na kukompaili mradi mkubwa ni polepole kiasi cha kuhesabika kwenye umeme: kama kila badiliko dogo linaanzisha ujenzi mzima kwenye mashine za majaribio bila akiba ya muda, mtakuwa mnatumia kabla ya kuokoa. Pia mradi wa Rust ukiachwa na mtu mmoja pekee aliyeijua, mwaka unaofuata mtu mwingine atauandika upya kwa lugha anayoijua yeye, na akiba yote inapotea.

*Inamfaa* anayeandika kitu kitakachoendeshwa mara mabilioni: maktaba, hifadhidata, kichakata video, kifaa cha betri shambani kinachopima unyevu wa udongo. C inabaki na nafasi yake kwenye vifaa vidogo sana, hasa pale mtengenezaji wa chipu anapotoa zana za C tu.

Na PHP je?

Nimeiacha nje ya ulinganisho kamili kwa sababu ni wachache wanaokwama kati yake na Rust, lakini tovuti nyingi za shule, makanisa, misikiti na biashara ndogo zinaiendesha. Namba ya 29.30 isikutishe. Tovuti ya namna hiyo kwenye seva inayoshirikiwa na mamia ya wengine hutumia umeme kidogo mno kwa kila mmoja, kwa kuwa hakuna mashine inayokaa bure kwa ajili yake peke yake. PHP 7 ya Desemba 2015 iliongeza kasi takriban maradufu kwa mifumo mingi. Hakikisha huko nyuma si PHP 5, washa akiba ya muda ya kurasa, punguza uzito wa picha.

Kabla ya lugha: seva iko wapi?

Uniti moja ya umeme haina hewa ukaa sawa kila mahali. Afrika Kusini bado inazalisha umeme wake mwingi kwa makaa ya mawe, zaidi ya gramu 600 za hewa ukaa kwa uniti. Sweden, yenye maji, nyuklia na upepo, iko chini ya gramu 50. Watoa huduma wakubwa wa wingu wana vituo Cape Town na Johannesburg, na timu nyingi za Afrika Mashariki huvichagua kwa sababu ni karibu. Kazi isiyo na haraka, kama kuchakata ripoti au kufunza modeli, ikipelekwa Stockholm, Sweden, inaweza kupunguza hewa ukaa zaidi ya mara kumi bila kubadilisha lugha. Kwa huduma ambayo mteja anaisubiri, umbali unaweza kukugharimu, hivyo tenganisha mbili hizo.

Nyumbani pia kuna nafasi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye vyanzo jadidifu: jotoardhi la Olkaria, maji, na upepo wa Turkana wenye mitambo ya megawati 310. Usiku wa manane mahitaji hushuka na mvuke mwingine wa jotoardhi huachwa bila kutumika, kwa hiyo kazi za bechi (zinazoweza kusubiri) kwenye seva iliyo Nairobi ni bora zipangwe saa hizo. Tanzania, bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye megawati 2,115 limepunguza sana utegemezi wa gesi asilia. Kinachoharibu hesabu ni jenereta ya dizeli pale umeme unapokatika; kama ofisi yako ina seva chini ya meza inayotegemea jenereta, kuihamisha kutakusaidia kuliko Rust.

Kwa hali yako

Ukiwa peke yako au wawili na bado hamjui kama wazo litapata watumiaji, tumieni lugha mnayoijua, iwe Python au JavaScript, kwenye mashine ndogo kuliko zote inayowatosha. Mashine kubwa iliyokodiwa kwa hofu ndiyo upotevu wa kawaida wa hatua hii.

Ukiwa na mfumo wa Python ulioanza kuelemewa, usiandike upya. Pima kwanza kwa zana kama py-spy uone muda unakwenda wapi. Mara nyingi utakuta swali la hifadhidata lisilo na faharasa, au kitanzi kinachouliza hifadhidata mara elfu badala ya mara moja. Rekebisha hayo, pandisha toleo, peleka hesabu kwenye NumPy au Pythran. Ikibaki sehemu moja nzito, iandike hiyo tu kwa Rust na kuiita kutoka Python. Maktaba ya PyO3 ipo kwa kazi hiyo.

Ukiwa na huduma nyingi ndogo za Java zinazokula kumbukumbu bila kazi, ziunganishe au zikompaili mapema kwa GraalVM kabla ya kufikiria Go. Ukiwa unaanza huduma hizo leo na timu haina Java, anza na Go.

Ukiwa unaandika chombo au maktaba itakayotumiwa na maelfu ya timu nyingine, au kifaa kinachoishi kwa betri, gharama ya kujifunza Rust italipwa na wote watakaoitumia.

Ukiwa unatengeneza programu ya simu au tovuti kwa watu wenye simu za bei ya chini, weka kando mjadala wa lugha ya seva. Nunua au azima simu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, iendeshe kazi yako humo kila wiki, na kataa kila maktaba inayoifanya ikwame.

Na ukitaka kulinganisha wewe mwenyewe, kwenye Linux yenye prosesa ya Intel amri ya `perf stat -a -e power/energy-pkg/` itakupa jouli, yaani nishati iliyotumiwa na prosesa wakati kazi inaendelea. Mwandishi wa Python ana CodeCarbon, inayokadiria pia hewa ukaa kulingana na nchi. Kwa ripoti rasmi kuna kipimo cha SCI cha Green Software Foundation, ambacho sasa ni kiwango cha ISO/IEC 21031:2024, na kinakutaka ugawe hewa ukaa kwa kila ombi au kila mtumiaji. Pima mara kadhaa mashine ikiwa haina kazi nyingine, pima kwa data halisi ya watumiaji wako, kisha weka namba mbili mezani: umeme kwa kila ombi, na idadi ya maombi kwa mwaka.